Sikio la Luther na Uvimbe wa Mishipa ya Fahamu

Kila Mlutheri aliyekaa kanisani miaka michache anajua kwamba imani huja kwa kusikia. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi hivyo, na Martin Luther alilishika neno hilo kwa nguvu. Alipokuwa akifundisha Waraka kwa Waebrania pale Wittenberg, kati ya mwaka 1517 na 1518, alifikia kusema kwamba kiungo cha Mkristo ni sikio peke yake, si mkono wala mguu. Sisi wahubiri tunalipenda neno hilo, na tunalitumia hasa tunapotaka usharika uache kusinzia. Ni mara chache tunauliza sikio lenyewe, la nyama na mfupa, limeumbwaje, na inakuwaje linapougua.

Tunataka kusimulia habari za ugonjwa mmoja wa sikio ulio adimu sana: uvimbe unaoota juu ya mishipa ya fahamu katika sikio la kati, usio saratani. Tuseme mapema, ili mtu asije akalala na hofu usiku huu. Hapa Kitahana, na Buha yote kuanzia Kibondo hadi Kasulu, watu wengi wenye shida ya masikio wana usaha, au nta iliyoziba, au waliugua homa ya uti wa mgongo wakiwa wadogo. Mwenye uvimbe huu ni mmoja katika umati. Lakini huyo mmoja hupitia njia ngumu kuliko wengine, kwa sababu ugonjwa wake hujificha miaka mingi, kisha hujionyesha usoni, mahali ambapo kila mtu anatazama na kila mtu ana la kusema.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Kijiko cha chai kingetosha kukijaza. Ndani yake mna vifupa vitatu, vidogo kuliko vyote mwilini: nyundo, fuawe na kikuku. Sauti ikigonga kiwambo, vifupa hivi huipokezana hadi sikio la ndani. Hayo tulijifunza shuleni. Tusichofundishwa wengi wetu ni kwamba chumba hicho ni njia ya wapita njia. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso, ule unaotuwezesha kufumba jicho, kutabasamu na kupuliza moto jikoni, hupita humo ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa, juu kidogo ya kikuku. Tawi lake moja hukatiza wazi karibu na kiwambo likienda ulimini, likibeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi. Tawi la mshipa mwingine hupanda kwenye ukuta wa ndani wa chumba. Basi uvimbe wa ukubwa wa punje ya mtama, ambao tumboni usingesumbua mtu, humo chumbani unaweza kuzima sauti, kuharibu ladha na kupindisha uso.

Na uso ukipinda, maneno huanza. Tuliolelewa huku tunayajua. Katupiwa kitu. Kapigwa na upepo mbaya. Kamsema vibaya marehemu. Kama ni mwanamke aliyegombana na wakweze, jibu hupatikana kabla swali halijaulizwa. Walio wapole husema ni jaribu la Mungu, na walio wakali husema ni dhambi iliyofichwa. Mgonjwa huanza kukaa benchi la nyuma kabisa, akijifunika kwa kitenge, na akija mezani pa Bwana hunywa kwa shida kwa sababu divai inamtoka pembeni mwa mdomo. Mwishowe haji. Tunaandika katika kitabu cha usharika kwamba mtu huyo amepoa kiroho.

Luther mwenyewe aliugua sikio. Jambo hili halisemwi sana katika mafundisho ya kipaimara, na tunaona lingefaa kusemwa. Tarehe 6 Julai 1527, akiwa nyumbani Wittenberg, alisikia ngurumo katika sikio la kushoto, akaishiwa nguvu na kuanguka. Rafiki zake, Justus Jonas na mchungaji Johannes Bugenhagen, walikuwapo wakaandika waliyoyaona. Ngurumo hizo zilimrudia. Mwaka 1530, alipokuwa amekaa katika ngome ya Coburg wakati wenzake wakiwa Augsburg mbele ya mfalme, kelele za kichwani zilimzuia kusoma na kuandika siku nyingi. Baadaye, katika miaka ya uzee wake, alipata usaha wa sikio uliotoboa kiwambo. Madaktari wengi waliosoma barua zake katika nyakati zetu wameona dalili za ugonjwa ule wa kizunguzungu, mvumo na uziwi unaoitwa kwa jina la Ménière, daktari wa taasisi ya viziwi ya Paris, ambaye mwaka 1861 alionyesha kwamba kizunguzungu cha namna hiyo hutoka sikioni. Kabla yake waganga walidhani kinatoka kwenye ubongo.

Luther alisema ni Shetani. Aliamini kabisa kwamba adui ndiye aliyekuwa akimpiga kichwani ili kumzuia kazi. Tunajua kwa nini alisema hivyo: hakuna mtu duniani wakati ule aliyejua kilichomo ndani ya sikio lake, na yeye alikuwa katika vita vya kweli. Aliomba, akawaomba wenzake wamwombee, akaungama na kupokea maondoleo. Katika hayo tunamfuata. Katika kulipa sikio bovu jina la Shetani hatumfuati, na hatudhani kwamba jina letu la Walutheri linatudai tumfuate. Mtu mkubwa aliyejisemea mwenyewe neno hilo aliweza kulibeba. Mwanamke wa Kitahana anayesemewa na jirani zake hawezi.

Inashangaza jinsi elimu ilivyokuwa karibu naye. Gabriele Falloppio, Mwitalia, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu Luther alipofariki mwaka 1546. Huyu alikuwa mtu wa kanisa kabla ya kuwa mwalimu wa tiba, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1561 alieleza mfereji wa mfupa unaopitisha mshipa wa uso ndani ya sikio. Mfereji huo bado una jina lake hospitalini. Lakini kujua njia si kujua anayepita njiani. Zilipita karne mbili zaidi. Mwaka 1777 huko Leiden, Uholanzi, Eduard Sandifort alipasua maiti ya kiziwi na kukuta kidonge kigumu kimeshikamana na mshipa wa kusikia, huko ndani kuliko sikio la kati. Aliona kwamba hakuna dawa ingeweza kufika pale. Mwaka 1821 Charles Bell, Mskoti aliyefanya kazi London, alieleza kwamba mshipa unaouendesha uso si ule unaouwezesha kuhisi mguso. Kupooza kwa upande mmoja wa uso bado kunaitwa kwa jina lake.

Kisha Theodor Schwann, Mjerumani, katika kitabu cha mwaka 1839, alionyesha kwamba wanyama wameumbwa kwa seli kama mimea. Pamoja na hayo aliona seli zinazouzungukia mshipa wa fahamu na kuufunika, kama mama anavyomviringishia mtoto blanketi asubuhi ya baridi ya Juni. Ni seli hizo zinazoota bila mpango na kuwa uvimbe tunaouzungumzia. Ndiyo maana unaitwa shwanoma. Mwaka 1910 huko Prague, José Verocay aliutambua kwa hadubini kuwa ni uvimbe wa namna yake, tofauti na mwingine. Kuna na ndugu yake, unaoota kutoka kwenye vinundu vidogo vilivyo kando ya lile tawi linalopanda ukutani mwa sikio la kati. Vinundu hivyo Stacy Guild alivieleza huko Marekani mwaka 1941, na miaka minne baadaye Harry Rosenwasser akatoa taarifa ya kuutoa uvimbe wake sikioni. Huu una damu nyingi. Mgonjwa husikia sikioni mwake mdundo unaokwenda sawa na moyo, na daktari akichungulia huona wekundu nyuma ya kiwambo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Tukifikiria mwanamke anayekuja kwa mchungaji akisema anasikia ngoma ndani ya kichwa usiku, tunajua ni huduma gani atapewa kwanza.

Kuujua ugonjwa ni jambo moja na kuutibu ni jingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, waliofunguliwa fuvu ili kutolewa uvimbe wa mshipa wa kusikia walikufa zaidi ya nusu yao. Harvey Cushing wa Boston, aliyeandika kitabu kizima juu ya uvimbe huo mwaka 1917, alipunguza vifo kwa ukali wa utaratibu wake: hakuwa na haraka, alizuia kila tone la damu, na mara nyingi aliacha sehemu ya uvimbe ndani. Mwaka 1921 Carl-Olof Nylén wa Stockholm akawa wa kwanza kutumia hadubini katika upasuaji wa sikio. (Huyu daktari alikuwa pia mcheza tenisi, akaiwakilisha Sweden katika Olimpiki. Wazazi wanaokataza watoto michezo wasome hapo.) Tangu hapo mkono wa daktari uliweza kufuata kile ambacho jicho peke yake halikukiona.

Sasa tunafika mahali palipotufanya tuandike. Katika uvimbe wa mshipa wa uso, daktari mzuri mara nyingi hautoi. Uvimbe hukua polepole sana, pengine kwa miaka kumi, pengine husimama. Umeota kwenye mshipa wenyewe, na nyuzi za mshipa zinapita katikati yake au juu yake. Akiung'oa wote, aghalabu atalazimika kuukata mshipa na kuunga kipande kilichotolewa sehemu nyingine ya mwili, na uso ulioungwa hivyo haurudi kuwa kama ulivyoumbwa. Hata kuchukua kipande kidogo cha kupima kunaweza kupooza uso uliokuwa mzima, na kwa ule uvimbe wenye damu kunaweza kuleta hatari ya kutokwa damu isiyozuilika kwa urahisi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye uso ambao bado unafanya kazi huambiwa arudi baada ya miezi kadhaa au mwaka, apigwe picha tena, iangaliwe kama umekua. Kisu hungoja mpaka uso umedhoofika vya kutosha, au sikio la ndani na ubongo viwe hatarini.

Msomaji wa Mathayo 13 atakuwa ameshafika kabla yetu. Watumishi waliona magugu, wakataka kwenda kuyang'oa siku ile ile. Bwana shamba aliwazuia kwa sababu aliijua mizizi. Mara nyingi tumeihubiri habari hiyo kwa kuwahesabu wanaopaswa kuwa magugu. Hospitalini inahubiriwa kwa namna nyingine, na daktari huihubiri bila kujua: anauona ubaya wazi kwenye picha, ana uwezo wa kuuondoa, na anaacha, kwa ajili ya mshipa mmoja mwembamba ambao bado unamfanya mama atabasamu.

Lakini subira ya daktari haifanani na uzembe, na hapa tunawasihi wasomaji wawe makini. Uso ukipinda ghafla, kwa siku moja mbili, mara nyingi si uvimbe. Ni kule kupooza kwenye jina la Bell, na karibu watu saba katika kumi hupona kabisa hata wasipotibiwa. Hata hivyo mtu aende kituo cha afya upesi, kwanza ili ijulikane kwamba si kiharusi, tena kwa sababu dawa za jamii ya prednisoloni husaidia zaidi zikianzwa ndani ya siku 3. Jicho lisilofumba lilindwe, liwekwe dawa ya kulainisha na lifunikwe usiku, maana kioo chake kikikauka upofu unaweza kufuata. Ila uso unaopinda kidogo kidogo kwa miezi, au usioonyesha dalili ya kurudi baada ya miezi mitatu hadi sita, au unaopinda tena upande ule ule, huo unadai picha. Na sikio moja linalozimika taratibu bila usaha wala maumivu, nalo lisipuuzwe. Hatutaji dawa za kienyeji ila kwa neno moja: mafuta ya moto na maji ya majani yanayomiminwa sikioni hayafiki nyuma ya kiwambo kizima, na kwenye kiwambo kilichotoboka yanafika yasikotakiwa.

Tunajua wapi tunaishi. Vipimo vya CT na MRI havipo Kitahana. Buha imebarikiwa hospitali za makanisa, Kabanga ya Wakatoliki na Heri ya Waadventista, na Waanglikana waliweka makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika Kasulu tangu mwaka 1966. Sisi Walutheri tulichelewa kufika nyanda hizi, na wengi huku walitufahamu kwanza kupitia shirika la huduma kwa wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 na kufanya kazi katika kambi za Kibondo. Kwa ugonjwa kama huu hospitali za karibu zitatoa rufaa, na rufaa ni Bugando kule Mwanza, au KCMC Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa jitihada za makanisa, nasi tukiwamo, au Muhimbili. Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio, huduma ambayo zamani Watanzania waliifuata India. Tunataja hilo ili mtu asidhani kwamba sikio likizimika hadithi imeisha.

Kwa wengine, hata hivyo, halitawaka tena, na hapo turudi kwa Luther. Ikiwa imani huja kwa kusikia, asiyesikia anaipataje? Swali hili halikumkwepa. Mwaka 1520, katika hubiri lake refu juu ya Agano Jipya, yaani Misa Takatifu, aligusa habari ya viziwi na mabubu waliokuja kuomba sakramenti. Mapadre wengine walikuwa wakiwapa mkate usiobarikiwa, wakidhani wamewatendea wema. Luther aliita jambo hilo mzaha mbaya. Hao nao ni Wakristo kama sisi, alifundisha, na kilicho chetu ni chao. Wakionyesha kwa ishara zinazoeleweka kwamba wanaitamani meza, wapewe, na kazi ya Roho Mtakatifu aachiwe Roho mwenyewe. Huyu ndiye mtu yule yule aliyesema sikio peke yake ndilo kiungo cha Mkristo, miaka miwili mitatu tu kabla. Hatuoni kwamba alijipinga. Kwake kusikia kulikuwa kupokea ahadi, na ahadi inaweza kupita mkononi na machoni.

Lugha zetu zimekuwa ngumu kuliko yeye. Kirundi, kilichosikika kila siku Nduta baada ya kambi kufunguliwa tena mwaka 2015, humwita kiziwi igipfamatwi, kitu kilichokufa masikio. Kiswahili nacho kimemweka kiziwi pamoja na kipofu na kilema katika ngeli ya vitu, ingawa tukianza kumsemesha tunamrudishia heshima yake: kiziwi amekuja. Kanisa lilitangulia lugha kidogo. Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na kanisa letu lina shule za viziwi Mwanga na Njombe. Kabanga, Kasulu, shule ya watoto wenye mahitaji maalumu inajulikana nchi nzima kwa kuwapa hifadhi watoto wenye ualbino katika miaka ya mauaji, kuanzia 2008.

Katika sharika za Buha, lakini, ni nadra kumkuta mzee wa kanisa anayejua hata ishara kumi. Kuna usharika ambao viziwi wake wanakuja kila Jumapili, wanakaa saa mbili na nusu wakitazama mdomo wa mchungaji, na anayewatafsiria ni binti wa darasa la sita aliyejifunza kwa kaka yake. Siku binti akiugua malaria, wanatazama tu.

Limebaki jambo la fedha, na tunalisema wazi kwa kuwa insha hii itasomwa na wazee wa sharika. Mgonjwa wa uvimbe huu anayeambiwa arudi Mwanza kila mwaka anahitaji nauli yake na ya msindikizaji, malazi ya siku mbili tatu, na gharama ya picha, na kwa wengi hiyo ni mazao ya maharage ya msimu mzima. Akiukosa mwaka mmoja, daktari hawezi tena kusema kama uvimbe umekua au umesimama. Mfuko wa diakonia katika sharika nyingi una fungu la misiba, na fungu hilo halijawahi kukosa mchango, kwa sababu maiti haingoji. Fungu la safari ya mtu ambaye hafi wala haponi halimo. Bajeti ya mwaka ujao hujadiliwa mwezi wa Novemba, baada ya sikukuu ya mavuno, na mapendekezo hupokelewa na halmashauri kabla ya hapo.